Mwizi Aliyekwisha Kumulikwa



Katika barua zilizofika mezani petu imo moja ambayo hatukuweza kuitia katika ukurasa wa barua za wasomaji, wala hatukuwa na moyo wa kuitupa. Yatoka kwa baba wa familia, mkoani Singida, mtu wa jumuiya yake na mwenye kusali. Mwenyewe ametupa ruhusa kuisimulia habari yake bila kutaja jina wala mtaa. Nasi twawakumbusha wasomaji kwamba hii ni barua, si kitubio. Ingalikuwa kitubio, hata neno moja lake lisingalifika hapa.

Habari yenyewe ni hii. Katika mtaa wao nyumba tatu zilivunjwa kwa majuma machache. Katika ya kwanza walichukua redio na magodoro. Katika ya pili, simu mbili na fedha za mauzo ya alizeti. Ya tatu ilikuwa nyumba ya mjane: wakaibandua paneli ya sola juu ya bati, wakachukua na kuku wote bandani, hata yule aliyekuwa ameatamia mayai. Wanaume wakakutana, wakapanga zamu ya ulinzi. Usiku wa nne mwizi akakutwa ukutani. Alikuwa mmoja, kijana, na kipande cha nondo mkononi. Yowe likapigwa. Akatupa nondo, akakimbia hatua chache, akaanguka mtaroni, na hapo watu wakamzunguka.

Mwenye barua asema yeye hakumpiga. Yeye alishika tochi. Kwa mwanga wa tochi hiyo alitambua kwamba kijana yule ni mtoto wa mama mmoja wa mtaa wa pili, aliyepata Kipaimara mwaka mmoja na binti yake. Kijana naye alimtambua, akamwita kwa heshima, baba fulani, kama alivyozoea kumwita akija nyumbani kwake. Baba yule hakuitikia. Aliendelea kumulika. Kijana alikata roho kabla ya kufikishwa hospitali.

Swali la barua ni fupi: Je, nimeua?

Tumekaa na swali hili siku nyingi kuliko desturi yetu. Tungaliweza kulijibu kwa neno moja na kupita. Lakini twajua kwamba si yeye peke yake mwenye swali hilo. Wako wengi nchini walioshika tochi, au waliokimbilia yowe wakasimama nyuma ya wengine, kisha wakarudi kulala wakiona wametimiza wajibu wa raia mwema. Tena twajua kwamba anayeibiwa ana machungu yake, na hatupendi kuandika kama watu wasiojua maana ya kuamka alfajiri na kukuta mlango wazi. Nasi tumeibiwa. Mwizi alichimba ukuta wa stoo yetu, akachukua mahindi na baiskeli, na kwa muda wa mwezi mzima kila paka aliyepita juu ya bati alituamsha. Mali ilikuwa kidogo. Kilichoibwa zaidi ni usingizi.

Basi tuanze na nyumba yenyewe. Wazee wa Kinyaturu na wa Kinyiramba walijenga tembe: kuta za miti na udongo, paa la bapa lililofunikwa kwa udongo, mlango mmoja, madirisha hapana, au matundu madogo ya kupitisha moshi na mwanga. Usiku mifugo iliingizwa ndani, karibu na watu. Nyumba ile ilijengwa na watu waliojua kuogopa usiku. Wazee wa Singida wangali wanasimulia mauaji ya miaka ya 1940 yaliyosemekana kuwa kazi ya watu-simba, wakati familia zilipofunga milango jua lingaliko. Na mwizi wa tembe hakuhitaji ufunguo. Aliulowanisha ukuta kwa maji, akauchimba polepole mpaka likapatikana tundu la kupitisha mwili.

Jambo hili lafaa kukumbukwa na kila asomaye Injili. Mt. Mathayo anapoandika habari za wezi wanaoingia na kuiba hazina ya duniani, neno la Kigiriki alilotumia ni la kuchimba na kutoboa. Nyumba za Palestina, kama za Singida, zilikuwa za udongo. Msomaji wa Paris au wa London ahitaji kuelezwa na wataalamu. Msomaji wa Ilongero au wa Kiomboi ameliona tundu hilo kwa macho yake.

Lakini mali iliyolindwa na tembe ilikuwa ng'ombe, na ng'ombe ana miguu. Aliyeiba aliacha nyayo. Kijiji kikazifuata hata siku mbili. Leo mali ya nyumba ni simu inayoenea katika kiganja, na barabara ya lami yapita karibu. Kitu kilichoibwa saa nane za usiku mjini Singida, kabla jua halijapanda kimekwisha kuvuka Manyoni kwa upande mmoja, au Igunga kwa upande mwingine. Nyayo hakuna. Nadhani hii ndiyo sababu mojawapo ya hasira yetu kuwa kali kuliko ya babu zetu: twajua kwamba kisipokamatwa usiku ule ule, hakitapatikana kamwe.

Kulinda nyumba, basi, ni wajibu wa mwenye nyumba. Wako wacha Mungu wanaoona kutia komeo ni upungufu wa imani. Hawakusoma vizuri. Bwana wetu alitoa mfano wa mwenye nyumba ambaye angalijua saa ya kuja mwizi angalikesha. Wala hakumlaumu kwa kutaka kukesha. Baba asiyefunga mlango huwaweka watoto wake katika hatari, na humweka mwizi katika kishawishi.

Twasema machache ya kufaa, maana tumeona fedha nyingi zikitumiwa bure. Kufuli la bei kubwa juu ya mlango wa mbao laini ni mzaha: mwizi halivunji kufuli, hung'oa misumari ya bawaba. Nondo za madirishani ni njema, ila katika chumba wanamolala watoto liwepo dirisha moja linalofunguka kwa ndani, maana moto nao huja usiku. Simu isiachwe dirishani ikichajiwa. Jina lichongwe nyuma ya paneli ya sola na chini ya kiti cha baiskeli. Namba ya utambulisho ya simu, inayoonekana kwa kubonyeza *#06#, iandikwe katika daftari la nyumbani. Mitambo iliyozima simu bandia nchini mwezi Juni 2016 yaweza pia kuifungia simu iliyoibwa, lakini haiwezi kuifungia simu ambayo mwenyewe hajui namba yake. Na fedha za alizeti au za vitunguu zisilale chini ya godoro, maana hapo ndipo mwizi aanzapo kutafuta.

Kuhusu kuta ndefu zenye vigae vya chupa juu yake, tuna mashaka. Ukuta mrefu humzuia mwizi mvivu. Lakini aliyekwisha kuuvuka humficha vizuri kuliko kichaka, na jirani hawezi kuona kitu. Tumeziona nyumba mjini ambamo jirani wa ukuta mmoja hawajuani majina. Wamenunua usalama, wakauza jirani, na sijui kama wamepata faida.

Sasa twaja kwenye swali.

Kitabu cha Kutoka, sura ya 22, chatoa hukumu mbili juu ya mwizi anayechimba nyumba. Akikutwa usiku akichimba, akapigwa hata akafa, aliyempiga hana hatia ya damu. Lakini kama jua limekwisha kumchomozea mwizi huyo, aliyemwua ana hatia ya damu. Mwizi atalipa alichoiba, na asipokuwa na kitu atauzwa alipie. Warumi nao walikuwa na sheria ya namna hii katika Mbao zao Kumi na Mbili, miaka kama mia nne na hamsini kabla ya Kristo: mwizi wa usiku aweza kuuawa, mwizi wa mchana hapana, isipokuwa amejitetea kwa silaha.

Kwa nini jua libadilishe hukumu? Mwizi ni yule yule, ukuta ni ule ule, mali ni ile ile. Mt. Augustino aliliuliza jambo hili akajibu kwa akili nyepesi: gizani hujui kama aliyeingia amekuja kuiba au amekuja kuua. Mchana waweza kujua. Na ukijua kwamba amekuja kuiba tu, huna haki ya kumwua. Usiku, basi, hauhalalishi hasira. Huwia radhi ujinga, yaani kutojua kwa mtu aliyeamshwa usingizini, mke na watoto nyuma yake, asiyeona kilichomo katika mkono wa mgeni.

Mt. Thomaso wa Akwino aliyachukua maneno hayo ya Kutoka alipofundisha juu ya kujilinda. Tendo moja, alisema, laweza kuwa na matokeo mawili: kuokoa uhai wako, na kifo cha aliyekushambulia. Ukikusudia la kwanza na kutumia nguvu ya kiasi kinachotosha, hukukosa. Ukitumia nguvu kupita kiasi kinachohitajika, tendo lako si halali. Na mwaka 1679, walipotokea wanatheolojia waliolegeza mambo mno, Baba Mtakatifu Inosenti XI alilaani maoni mengi yao. Moja lilisema kwamba kwa kawaida mtu aweza kumwua mwizi ili kuokoa sarafu moja ya dhahabu. Sarafu ya dhahabu si kuku watano. Hata hivyo Kanisa lilisema hapana.

Sheria ya nchi yetu haiko mbali na hayo. Kanuni ya Adhabu yampa kila mtu haki ya kujilinda na kulinda mali yake, lakini kwa nguvu ya kiasi kinachohitajika. Avunjaye nyumba mchana aweza kufungwa hadi miaka 14. Avunjaye usiku, hadi miaka 20. Basi sheria nayo huuhesabu usiku. Raia aliyemkuta mtu akitenda kosa aweza kumkamata, na ampeleke kwa polisi bila kukawia. Adhabu ya kifo kwa mwizi haimo. Jamhuri haimwui mwizi hata baada ya kesi, ushahidi, wakili na rufani. Mtaa humwua kwa dakika kumi, kwa ushahidi wa kelele.

Hapa ndipo tochi ya mwenye barua inapotuumiza. Kijana alipokuwa ukutani, gizani, nondo mkononi, kama mwenye nyumba angalitoka na rungu na kumpiga, hatungaliandika makala hii. Lakini alikuwa mtaroni, mikono mitupu, watu zaidi ya kumi wamemzunguka. Tena alikuwa amemulikwa. Uso wake ulijulikana, jina lake lilijulikana, mama yake alijulikana, hata mwaka wa Kipaimara chake ulijulikana. Kwa maana ya kitabu cha Kutoka, jua lilikuwa limekwisha kumchomozea, na aliyelichomoza ni yule mwenye tochi.

Magazeti yetu, na ya kwetu hili likiwamo, yamezoea kuandika kwamba mwizi ameuawa na wananchi wenye hasira. Tumelitumia neno hili hata limekuwa kama jina la ugonjwa, kitu kinachopita hewani na kuua. Lakini mwananchi mwenye hasira ana jina. Mmoja alileta petroli. Aliinunua wapi saa ile? Mmoja alileta tairi. Mmoja alipiga picha kwa simu yake. Sheria ya jinai haimjui huyu “wananchi”. Yasema kwamba watu wakiungana katika nia moja isiyo halali, kila mmoja huhesabiwa ametenda lililotokea. Nasi mapadri, tukaapo katika kiti cha kitubio, hatujapata kupokea kundi. Huingia mtu mmoja mmoja. (Mhariri husema “sisi”, ni desturi ya kazi hii, lakini akifa ataulizwa peke yake.)

Mt. Augustino alieleza katika maungamo yake jinsi alivyoiba mapeasi ya jirani usiku, akiwa na umri wa miaka 16, pamoja na vijana wenzake. Hawakuwa na njaa, wakawatupia nguruwe. Akatafuta sana kwa nini alifanya hivyo, akaona kwamba peke yake asingalifanya. Watu huisoma habari hiyo kama habari ya mwizi. Sisi twaona yafaa pia isomwe na wanaomfukuza mwizi. Mtu ambaye peke yake asingaliweza kumpiga jiwe mtoto aliyelala mtaroni, akiwa na wenzake kumi huweza.

Na kundi hukosea. Tarehe 1 Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, mkoa jirani wa Dodoma, walifika watu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, kwa kazi ya kuchunguza udongo. Uvumi ukatoka kwamba ni wanyonya damu. Yowe likapigwa. Watu watatu wakauawa, dereva wao akiwamo, na gari likachomwa. Hawakuwa wameiba kitu, walikuwa wamekuja kusaidia shamba la mkulima. Waliokimbilia yowe walikuwa watu wa kawaida, wenye majembe, waliofanya kile walichofundishwa tangu utoto: ukisikia yowe, toka. Yowe ni kitu kitakatifu kijijini. Aliye hatarini hana simu ya kuaminika kuliko hiyo. Ndiyo maana anayelipiga bure, na anayelikimbilia bila kuuliza, huliharibu kwa wote, hata kwa mjane atakayelipiga kesho kwa haki.

Tusiseme kwamba dawa ni watu kukaa ndani. Nchi yetu ina historia ndefu ya majirani kulindana, na ina mengi ya kujivunia. Mabalozi wa nyumba kumi kumi waliowekwa na TANU katika miaka ya 1960 walijua nani amelala nyumba gani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita ya Kagera, bunduki zilipozagaa na wizi wa ng'ombe ulipozidi, wakulima wa Kahama na nchi za Wasukuma na Wanyamwezi waliunda sungusungu, kwa pinde na mishale na firimbi. Zikaenea mikoa mingine. Ng'ombe wakarudi zizini. Mwaka 1989 sheria ya mgambo ikarekebishwa, ikawapa walinzi hao uwezo wa kukamata. Lakini mahali pengine walinzi wale wale waliwageukia vikongwe wenye macho mekundu wakiwaita wachawi. Nguvu isiyo na daftari, isiyo na mtu wa kuiuliza, haikai muda mrefu mikononi mwa wema.

Basi zamu ya ulinzi iwe na orodha ya majina, na mwenyekiti wa mtaa au wa kitongoji awe nayo. Polisi wa kata wajulishwe. Walinzi wawe na firimbi, tochi na kamba. Kabla ya usiku wa kwanza, siyo mtaroni, wakubaliane nani atamshika mwizi, nani atasimama kati yake na watu, na nani atakimbia kuita polisi. Aliyekunywa pombe asiende zamu. Twasikia watu wakilalamika kwamba polisi huchelewa, au kwamba mwizi huachiliwa akarudi kuwacheka. Malalamiko mengine ni ya kweli, na wenye mamlaka wayasikie. Raia hufika mtaroni na rungu kwa sababu amekwisha kufika kituoni na kurudi mikono mitupu. Twasema hili kwa sauti ile ile tunayosemea lingine.

Kuna mtu mmoja ambaye kisa chake twapenda mwenye barua akijue. Mwaka 1976, katika msako uliofanywa mikoa ya Mwanza na Shinyanga kwa ajili ya mauaji yaliyokuwa yakitokea huko, washukiwa waliteswa na baadhi yao wakafa mikononi mwa watumishi wa serikali. Waziri wa Mambo ya Ndani alikuwa Ali Hassan Mwinyi. Hakuna aliyesema kwamba yeye alimpiga mtu. Alikuwa mbali, hakushika hata tochi. Mwezi Januari 1977 alijiuzulu, kwa kuwa waliotenda walikuwa chini yake. Watu hukumbuka kwamba mwaka 1985 alikuwa Rais, na walipomzika mwaka 2024 wengi walilitaja jambo hili. Mwislamu huyu aliwafundisha Wakristo wa nchi yetu somo ambalo baadhi yetu tulilisoma seminarini kwa Kilatini bila kulielewa.

Somo lenyewe liko kwa Mt. Thomaso. Alipouliza ni nani anayepaswa kufidia aliyedhulumiwa, hakutaja mtenda peke yake. Alitaja njia tisa za kushiriki dhuluma: kuamuru, kushauri, kukubali, kusifu, kupokea, kushiriki, kunyamaza, kutozuia, kutofichua. Akaongeza kwamba hizi za mwisho hazimfungi kila mtu, ila yule aliyepaswa kuzuia na aliyeweza.

Tusimame kidogo katika neno “kupokea”, kwa kuwa hapa tunao wasomaji wengi kuliko mtaroni. Kijana yule alikuwa anapeleka wapi paneli za sola? Hakuwa na nyumba ya kuziweka. Yuko aliyezinunua, na huyo hakuamka usiku, hakuruka ukuta, hakupigwa. Labda ni fundi mwenye kibanda chake, labda ni baba wa familia njema aliyefurahi kupata kitu cha shilingi laki mbili kwa elfu arobaini, bila stakabadhi, bila chaja, bila kuuliza. Kupokea mali ya wizi ni kosa kwa sheria na ni dhambi dhidi ya amri ya saba, na mwenye kuipokea yampasa kuirudisha kwa mwenyewe hata kama alilipa. Tumewahi kuhubiri juu ya jambo hili katika parokia moja. Jumapili iliyofuata hakuna simu hata moja iliyorudishwa, ila mtu mmoja alituuliza kwa faragha kama hesabu yaanza tangu lini.

Wengine watatuambia kwamba kijana aliiba kwa njaa. Mara nyingine ni kweli. Singida ni nchi ya mvua chache, na mwaka uwele unapokauka twajua nini hufuata. Mt. Thomaso afundisha kwamba aliye katika hatari ya kufa njaa akichukua cha kumwokoa hakuiba. Lakini hatutaki kulitumia fundisho hilo kwa urahisi. Kuku wa mjane hawakuwa chakula cha mwenye njaa. Waliuzwa kwa wachuuzi, na mjane yule ndiye aliyebaki na njaa. Kijana alikosa, na alistahili kukamatwa, kushtakiwa, kufungwa na kulipa. Tumemnyang'anya hayo yote. Hawezi tena kumlipa mjane kuku hata mmoja.

Basi, ndugu yetu, wauliza: Je, nimeua? Kiasi cha kosa lako kitapimwa na muungamishi wako na, ikibidi, na mahakama. Mhariri hana mizani hiyo. Lakini hatutakuambia kwamba huna neno kwa sababu mkono wako ulishika tochi wala haukushika rungu. Ulikuwa katika zamu, basi ulipaswa. Kama uliweza, wewe wajua. Pengine kama ungalisimama mbele yake wangalikupiga nawe. Pengine jina lake, lingalitamkwa kwa sauti na mtu mzima anayeheshimiwa, lingaliwarudisha watu hatua moja nyuma, na hatua moja ingalitosha. Alikuita, nawe ulikuwa peke yako katika kundi lile mwenye kujua kwamba anayelia ni mtoto wa fulani. Ulilijua hilo kabla ya pigo la mwisho. Usiku wenyewe haukuwia radhi, maana wewe uliuondoa.

Umetuandikia kwamba watu wawili wamekamatwa, na kwamba mmoja wao, kwa ulivyoona, hakumgusa kijana. Hapo hatuna shaka hata kidogo. Yakupasa kwenda kusema ulichokiona, kabla hujaitwa, na kabla hujasoma makala hii mara ya pili. Kwa habari ya hofu yako tumekuandikia barua ya pembeni, na jina la mtu wa kukusindikiza.

Wauliza pia kama yafaa kwenda kwa mama yake, au kama kufika kwako kutamwongezea uchungu. Twaona uende. Usiende na maelezo marefu. Kama atakufukuza, urudi siku nyingine. Na kama atakuuliza alisema nini mwishoni, mwambie kweli, kwamba alikuita.

Swali lako la mwisho lilitushangaza, kwa kuwa tulidhani ungependa kuacha. Wauliza kama waweza kuendelea na zamu, maana nyumba ya mjane bado haina mlango wa maana, na jina lako li katika orodha ya usiku wa Jumanne. Nenda. Uichukue na ile tochi.